Je, wajua? Jina la babu limehamia nafasi ya tatu

Shika daftari la mahudhurio la shule ya msingi Tanzania, usome majina kuanzia mwisho. La tatu ni la babu, la pili la baba, la kwanza la mtoto mwenyewe. Tuseme umekutana na Brayan Emmanuel Mabula. Hapo mstari mmoja umekupa vizazi vitatu: babu wa Kisukuma aliyezaliwa msimu wa mvua, baba aliyepewa jina la kanisani, na mtoto mwenye jina la mjini.

Mtoto wa Brayan hatakuwa na Mabula tena, isipokuwa familia iamue kulishika kama jina la ukoo. Hiyo ni hasara, maana majina ya Kisukuma kama hili yalitunza habari. Magembe alikuja wakati wa kulima. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuata.

Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922 mvua ilikuwa inanyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, nalo lilitokana na viwavi waliovamia nchi alipozaliwa.

Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni miezi ya Kiislamu inayofuatana, na watoto wengi wa kiume wa pwani waliitwa kwa mwezi waliozaliwa. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, wako akina Ramadhani wa masika na wa kipupwe. Vijana wengine huyaona majina haya kuwa ya kizee. Hata hivyo mtaa umeyapa ujana mpya: Ramadhani ni Rama, Rashidi ni Chidi, Saidi ni Side, Abdallah ni Dulla, na hakuna anayesikia Dulla akamfikiria mzee mwenye bakora.

Wakati mwingine mtu mmoja anatosha kulibadilisha jina. Mbwana ni jina la kale la pwani. Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na uwanja mzima ukasoma mgongoni mwake jina la ukoo, Samatta, lakini nyumbani watu walishangilia "Mbwana!" Mwimbaji Mbosso naye ni Mbwana, na mwimbaji mwenzake Harmonize kwao ni Rajabu.

Kwingine majina yalibadilishwa kwa nguvu: Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitumia amri. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko.

Wakikuyu wa Kenya hawakuhitaji amri ili kuyashika majina yao. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo Kamau, Mwangi na Njoroge hawapitwi na wakati. Mitindo inachezea jina la mbele tu: zamani Josphat na Geoffrey, baadaye Kevin na Brian, ambao Sheng, lugha ya mitaani, imewafanya Kevo na Brayo, na sasa Liam na Jayden. Kwa mpango huo wa kurithi jina la babu utamsikia mama akimwita mwanawe wa miaka mitatu "baba", kwa heshima kamili, kwa sababu mtoto amebeba jina la baba mzazi wa mama huyo.