Wagonjwa Wapo, Ajira Je?

Kiwanda kinapofungwa mjini, fundi wa gereji hukosa magari na mwenye kibanda cha chakula hukosa wateja, lakini foleni ya zahanati haipungui. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kuchagua kozi hulitambua hilo bila kusoma takwimu yoyote. Jirani aliyesomea biashara anazunguka na bahasha ya vyeti, huku muuguzi wa mtaa wa pili akichukua mkopo wa sacco na kujenga. Ukosefu wa kazi humsukuma basi mwanafunzi huyo kwenye uuguzi, famasia au udaktari. Msukumo huo una mantiki, ila humwonyesha nusu tu ya hesabu.

Marekani ilitoa ushahidi wa msukumo huo wakati wa mdororo wa uchumi ulioanza mwishoni mwa 2007. Kufikia Oktoba 2009, asilimia 10 ya nguvukazi haikuwa na ajira, lakini sekta ya afya iliendelea kuajiri. Wachumi waliolinganisha wanafunzi wa miaka mingi waligundua kwamba nyakati ngumu huwaelekeza vijana kwenye masomo yenye mishahara ya uhakika, kama uhandisi, uhasibu na uuguzi, na kupunguza idadi yao kwenye ualimu na fasihi. Wapo watakaosema kwamba utabibu ni wito, na anayeufuata kwa ajili ya mkate atawatesa wagonjwa. Lakini wengi hupenda zaidi ya fani moja, na hali ya ajira huamua tu ipi itangulie. Isitoshe, muuguzi mwenye wito asiyelipwa huchoka kama mwingine yeyote.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Afrika Mashariki ina upungufu wa wahudumu wa afya, hivyo kila anayejiunga ni faida. Kenya inaonyesha kwa nini haitoshi kusema hivyo. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti huajiri kulingana na bajeti, hata wodi zikifurika. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulihusu pia madaktari wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali makubaliano ya 2017 yalitaja takriban 206,000. Mgonjwa huzaa haja ya huduma. Nafasi ya kazi huzaliwa na fedha. Na uchumi unapodorora katika eneo, mapato ya kaunti na ya hospitali binafsi hupungua pia.

Kuna pia suala la muda. Shahada ya uuguzi huchukua miaka minne, kisha mafunzo ya kazini ya mwaka mmoja. Anayechagua leo kwa kutazama mtaa wake atatafuta kazi katika soko jingine, pamoja na wenzake wengi waliosukumwa na hofu ileile. Kabla ya kujaza fomu, aulize kaunti yake imeajiri wauguzi wangapi miaka ya karibuni, na wangapi bado wanasubiri. Vyuo navyo vinapaswa kumpa jibu hilo kabla ya kupokea karo yake.