Senene au Nzige? Tutazame Vizuri

Mwezi wa Novemba ukifika, sisi watu wa Bukoba na Muleba tunatazama taa usiku. Tunangoja senene. Lakini je, tunamjua senene vizuri?

Mwaka 2020 nzige wa jangwani waliingia Kenya na Uganda, wakala mazao na malisho. Mtu akimwona senene akadhani ni nzige, anaweza kukimbilia dawa ya kunyunyiza. Hapo ametia sumu kwenye chakula chetu. Na akidhani nzige ni senene, atachelewa kutoa taarifa, na shamba litaliwa.

Sasa, tutawatofautishaje? Rangi isitudanganye. Wako senene wa kijani na wako wa rangi ya majani makavu. Tutazame mambo haya:

1. Vipapasio. Ni zile nywele mbili za kichwani. Za senene ni nyembamba na ndefu sana. Za nzige ni fupi na nene.

2. Kichwa. Cha senene kimechongoka mbele. Cha nzige ni butu.

3. Nyuma. Senene jike ana kitu kirefu kama upanga. Si mwiba huo, ni wa kutagia mayai. Nzige jike hana.

4. Wakati. Senene huruka usiku na kufuata taa. Makundi ya nzige wa jangwani huruka mchana, jua likishapanda.

Siku hizi simu nyingi zina kamera. Ukimwona mdudu usiyemjua, mpige picha. Nenda asubuhi na mapema, kungali na umande. Wakati huo mdudu ana baridi, haruki upesi. Sogea polepole, kivuli chako kisimwangukie. Mpige picha ubavuni ili vipapasio vionekane. Weka njiti ya kiberiti karibu naye, ukubwa wake ujulikane.

Kisha andika kwenye daftari: tarehe, kijiji, mdudu alikuwa kwenye mmea gani, na walikuwa wengi au mmoja. Mpelekee bwana shamba. Huna simu? Usijali. Macho na daftari vinatosha.

Ndugu msomaji, darasa la kisomo lilitufundisha kutofautisha b na d. Zinafanana, lakini ukikosea, neno linaharibika. Wadudu nao ni hivyo hivyo. Tutazame kwanza, ndipo tuchukue dawa au kikapu.