Kalamu ya Maalim na Deni Letu

Kila Ijumaa, swala inapomalizika na watu wakitafuta viatu vyao, huwapo mzee mmoja aliyetandika kitambaa cha kijani pembeni mwa lango la msikiti wetu. Juu yake hupanga vitabu vidogo alivyoviandika mwenyewe na kuvichapisha kwa fedha zake: cha malezi ya watoto, cha mirathi, cha adabu za ndoa. Hatutamtaja jina, kwa kuwa hakupenda. Sote humwita Maalim.

Mwezi uliopita alitujia ofisini baada ya Alasiri, akatoa daftari. “Katibu, mwanangu,” alisema, “sikuja kudai. Nimekuja unisaidie hesabu.”

Tulizipitia pamoja. Alichapa nakala 1,000 za kitabu cha malezi, chenye kurasa 64, kwa shilingi 1,500 kila nakala. Jumla ilikuwa shilingi 1,500,000, na sehemu yake ni mkopo. Bei ya kuuzia ni shilingi 3,000. Kwa mkono wake aliuza nakala 340, akapata shilingi 1,020,000. Nakala 90 ziliuzwa na maduka yanayokata asilimia 30 ya bei. Fungu lake, shilingi 189,000, lilikuwa bado halijalipwa. Nakala 60 zilikwenda bure, kwani kwetu mtu akiandika kitabu, kila amjuaye hujiona ana haki ya kupewa. Zilizobaki, 510, zimo chini ya kitanda, zikingoja mchwa. Mwaka mzima umepita, naye bado amepungukiwa shilingi 480,000 kurudisha mtaji tu, kabla ya kuhesabu nauli wala chakula cha nyumbani.

Hapo tulishikwa na aibu. Miezi michache nyuma, kamati yetu ilinunua nakala moja ya kitabu hicho hicho na kutoa fotokopi 40 kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa. Kila moja ilitugharimu shilingi 1,600, tukajisifu kwa kuokoa shilingi 56,000. Maalim alikosa shilingi 120,000. Tulipomkiri hayo, aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kuziona mikononi mwa wajukuu zake.

Tulikuwa tumejitetea kwamba elimu ni ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ni nusu ya hoja. Elimu haimilikiwi, lakini jasho la aliyeikusanya, akaipanga na kuichapa lina mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba haki ya mtunzi inalindwa na sharia na haijuzu kuidhulumu. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo anayekula haki ya mtunzi huenda anakula na haki ya mayatima wake.

Kamati ilikutana. Tulilipa shilingi 120,000, tukachukua nakala 40 halali, na fotokopi zikaondolewa darasani.

Je, mtu aweza kuishi kwa vitabu anavyojichapishia? Tusidanganyane: ni wachache. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliajiriwa ukarani serikalini kwa miaka mingi huku akiandika. Ben Mtobwa alipotaka kuyatawala mambo yake mwenyewe, alianzisha kampuni ya uchapishaji, Heko. Yaani alilazimika kuwa mfanyabiashara pamoja na kuwa mwandishi.

Kwa hiyo, anayeanza asiiache kazi inayomlisha. Achape kidogo kwanza: mitambo ya kidijitali huchapa hata nakala 50 au 100. Bei ya kila nakala huwa juu zaidi, lakini hasara haitamlaza macho. Akusanye oda kabla ya kwenda kiwandani, na fedha za oda asizile. Aombe namba ya ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ili kitabu chake kitambulike madukani na maktabani. Nakala za zawadi aziwekee idadi, na ikiisha, aseme imeisha.

Zaidi ya yote, aandikiane na kila duka: nakala ngapi zimepokewa, kwa bei gani, zitalipwa lini. Maalim alikuwa ameyaamini maduka kwa maneno matupu, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Tulimwandalia hati fupi ya kutia saini pande mbili. Duka moja limekwisha kumlipa; jingine bado linapiga chenga.

Na sisi wasomaji tuna fungu letu. Mwandishi ni jirani yetu, anayesubiri ada ya shule ya mtoto wake kutoka kwenye kitabu tunachokiazima kwa zamu nyumba kumi.

Ijumaa hii Maalim atakuwepo langoni, inshaallah. Kabla ya kumwambia “nipatie nakala moja nikuombee dua,” tumuulize bei, tumlipe, kisha tumwombee hiyo dua.