Majibu ya Maabara na Udhaifu wa Wazee Wodini

Umri peke yake hautuambii mzee aliyelazwa amebakiwa na akiba gani ya nguvu. Wawili wenye miaka 80 huugua nimonia ileile; mmoja hurudi shambani kwake, mwingine hainuki tena kitandani. Tofauti hiyo huitwa udhaifu wa uzeeni. Kuupima kwa mwendo wa miguu ni vigumu, maana wengi wa wagonjwa hao hata kusimama hawawezi.

Mwaka 2014 Susan Howlett, Kenneth Rockwood na watafiti wenzao wa Kanada walieleza njia nyingine. Walitumia vipimo 21 vya kawaida vya damu pamoja na namba mbili za shinikizo la damu. Kila jibu lililo nje ya kiwango huhesabiwa 1, lililo sawa 0, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya vipimo. Kasoro 8 katika vipimo 20 ni 0.4. Wekundu wa damu uliopungua kidogo, protini iliyoshuka, figo zilizoanza kuchoka: kimojakimoja daktari mwenye haraka angevipita. Vikijumlishwa, hudhihirisha hatari ya kifo.

Hata hivyo, homa kali nayo huvuruga majibu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hatuoni karatasi ya maabara ikichukua nafasi ya swali kwa waliomleta mgonjwa: majuma mawili kabla ya kuugua, je, alioga na kuvaa mwenyewe?

Wala alama kubwa si sababu ya kumnyima mzee tiba. Inadai apewe mapema chakula cha kutosha, asaidiwe kuketi na kusimama, na alindwe asianguke.