Fahamu: Kipepeo mrukaji wa misitu ya Mau

Chondrolepis niveicornis ni kipepeo mdogo wa kahawia wa jamii ya Hesperiidae, wale warukaji wenye mwili mnene wanaochomoka ghafla kama jiwe la manati. Alielezwa kisayansi na Mjerumani Plötz mwaka 1883. Makazi yake ni misitu ya milimani katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Nijeria, Kameruni, Kongo, Uganda na Kenya.

Jamii hii hutambulika kwa vipapasio. Vya vipepeo wengine huishia kwa kirungu. Vya warukaji wengi vimepinda nchani mithili ya ndoana. Viwavi wao wengi hukunja jani, hulifunga kwa nyuzi za hariri, kisha hujificha humo na kutoka kula. Kiwavi wa Chondrolepis hula nyasi, si majani ya chai, kwa hiyo mkulima wa chai hana sababu ya kumpulizia dawa.

Magharibi mwa Kenya, msafiri anayetoka Kaplong kwenda Kericho huona chai pande zote za barabara. Ni kijani kizuri, lakini kwa mrukaji ni jangwa: hakuna kivuli cha miti mikubwa wala nyasi za chini ya msitu. Katika eneo hilo, miti na nyasi hizo zimebaki zaidi katika msitu wa Mau ya Kusini Magharibi, ambako maelfu ya hekta yalitolewa kwa makazi mwaka 2001. Ukanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 kuzuia uvamizi, hulinda mpaka wa msitu. Haulishi kiwavi huyu.