Mbwa mukubwa wa miezi 8: kwa nini hakusikii tena?

Kama uko na mbwa wa mbegu kubwa katika lupangu yako, unajua habari hii. Siku aliingia alikuwa mutoto, kilo tano ao sita, watoto wakigombana juu ya kumubeba. Mwezi wa tano alijua jina lake, alikaa chini ukimwambia, alikungojea ku mulango jioni. Kiisha, sawa vile mutu amekubadilishia mbwa usiku, anakuwa mwengine. Unamuita, anakuangalia, anageuza kichwa. Kikwembe ya mama iko katika udongo. Sufuria ya sombe imepinduka karibu na mbabula. Jirani anapiga makelele juu ya kuku wake.

Hapa Lubumbashi watu wengi hawachukui mbwa wa namna hii juu ya kucheza naye. Wanamuchukua juu ya wezi wa usiku. Mutu akimaliza kujenga ukuta, iwe Bel-Air, Golf, Ruashi ao Katuba, anatafuta zamu, kiisha anatafuta mbwa: berje aleman, Rottweiler, ao Boerboel wa Afrika ya Kusini. Njo maana mwezi wa nane unauma. Umelipa franga nyingi, ulitaka mulinzi, sasa uko na mwizi wa pili ndani ya lupangu. Ni kwa umri huu wengine wanamuuza, wengine wanamufunga munyororo asubuhi mpaka asubuhi, wengine wanafungua mulango na kumwacha aende.

Lakini mbwa huyu hajaharibika. Amekuwa kijana, ni vile tu. Kwa mbegu kubwa ujana unaanza karibu na mwezi wa 6, na mwili hauishi kukomaa mbele ya miezi 18 ao 24. Berje aleman dume anafika kilo 30 mpaka 40, Boerboel anaweza kupita 60. Uzito unakuja mbele, akili inafuata nyuma. Wazazi wetu walikomaa na mbwa wa kijiji, na hawakujua shida hii. Basenji, ndugu ya mbwa wetu wa kijiji, ambaye alitoka huku kwetu Kongo na Waingereza wakamuonyesha London mwaka wa 1937, ana karibu kilo 10 tu. Mbwa wa kilo 10 akikurukia, unacheka. Wa kilo 40 akimurukia nkambo, tunaenda hospitali.

Kuna jambo moja linashangaza watu sana: mbwa anakataa wewe, lakini zamu akimuita, anaenda mbio. Pale maneno ya dawa na bulozi inaanza. Jibu liko rahisi kuliko pale. Mwaka wa 2020, Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzake walitoa utafiti juu ya mbwa wanaofundishwa kuongoza vipofu, Labrador na Golden Retriever. Waliwapima kwa amri moja tu, kukaa chini, wakiwa na miezi 5 na tena wakiwa na miezi 8. Kwa miezi 8, mbwa walianza kukataa amri ya yule anayewalea, lakini mugeni akiwaambia, walikaa. Ni sawa na kijana wa miaka 15 ambaye anamujibu mama yake vibaya na kumusalimia mwalimu kwa heshima. Wale ambao walikuwa na woga wa kuachana na mulezi wao njo walisumbua zaidi. Na kwa kufika mwaka mumoja, hali ilikuwa imetulia.

Kwa hiyo yule anayemutupa mbwa kwa mwezi wa 8 ao wa 9 anamutupa wakati shida inakaribia kupungua. Na yule anayemupiga anaongeza ule woga ambao unaleta kichwa nguvu. Angalia jinsi inafanyika: unamuita, anakawia dakika kumi, kiisha anakuja. Unamupiga fimbo juu ya kukawia. Yeye hafahamu vile. Kwake fimbo imekuja sababu alikuja. Kesho ukiita, atabaki mbali.

Njia ingine inaomba uvumilivu, haiombi franga. Mufunge kamba ndefu, mita tano ao zaidi, wakati mnajifunza. Muite mara moja. Asipokuja, vuta kamba polepole bila hasira, na akifika mupe kipande kidogo cha ndagala. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, basi. Tena, ndani ya nyumba mupatane juu ya neno. Kwetu baba anasema «asi», mama anasema «ikala», watoto wanasema «kaa chini», zamu anapiga muluzi. Kiisha tunashangaa eti mbwa hasikii.

Mambo mengi tunayoita ubaya yana sababu ya kawaida. Mwezi wa kumi, wakati joto la Lubumbashi linazidi na mvua haijakuja, mbwa anachimba udongo mwekundu juu ya kupata fasi ya baridi chini ya tumbo. Mupe kivuli na maji, na umuchagulie kona moja ya kuchimba. Kutafuna kunaanza na meno: ya ukubwa yanaota kati ya mwezi wa 4 na wa 7, na mazoea yanabaki nyuma. Viatu vya kanisa viingie ndani, yeye apate kamba nzito yenye mafundo ao kipande cha mupira ambacho hawezi kumeza. Akiruka juu ya watu, geuka, mupe mugongo, usimupigie kelele. Kelele kwake ni muchezo.

Na kazi. Tunasahau kama mbwa hawa walitengenezwa kwa kazi. Berje aleman alianza kuandikwa kama mbegu mwaka wa 1899 na Mujerumani Max von Stephanitz, na kazi yake ilikuwa kuzungusha kondoo siku nzima. Ukimufungia katika lupangu ya mita 15 kwa 20, atajitafutia kondoo: kuku wa jirani, pikipiki, watoto wanaotoka masomo. Matembezi ya nusu saa mbele ya jua kali, kamba mukononi, yanabadilisha mchana muzima. Lakini usimukimbize nyuma ya kinga ao pikipiki kwa kilomita nyingi. Mifupa yake bado laini.

Munyororo ninaukataa wazi. Mbwa kijana aliyefungwa siku nzima hajifunzi kutofautisha mwizi na mutoto wa jirani. Anajifunza kama kila kinachopita mbele yake hakifikiwi, na siku munyororo unakatika, anakifikia. Wengine wanamupa pilipili ao bangi, eti awe mukali. Pilipili inamuunguza tumbo, bangi inamulevya, na hakuna moja inayomufundisha kulinda.

Kuhusu chakula, kwa ufupi: bukari peke yake haitoshi mwili unaojengwa, aongezewe ndagala, nyama ao mayai. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka na kutoboa matumbo. Na ule unga wenye ukungu uliobaki chini ya mufuko, usimupe. Sumu ya ukungu wa muhindi, aflatoksini, iliua watu 125 nchini Kenya mwaka wa 2004. Mbwa naye inamuua.

Kunabaki mulango wa lupangu. Ni kwa umri huu dume anaanza kunusa majike mbali na kuruka ukuta, ndipo shida inaacha kuwa yako peke yako. Sheria ya Kongo iko wazi tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888: kifungu 261 kinasema mwenye nyama analipa hasara ambayo nyama wake amefanya, hata kama alikuwa amepotea ao ametoroka. Kusema «aliniponyoka» hakukuokoi.

Na kuna kichaa cha mbwa, ao raje. Shirika la Afya Duniani linahesabu karibu watu 59 000 wanaokufa nacho kila mwaka duniani, na 99 kwa mia wanakipata kwa mbwa. Alama zikishatokea kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Mbwa apate chanjo kwa miezi mitatu, kiisha arudishwe kwa muganga wa nyama kila mwaka. Wengi wanafanya ile ya kwanza na kusahau ya pili, ambayo inaanguka kabisa katika miaka hii ya fujo.

Usichanganye ujana na ugonjwa. Mbwa kijana anakula, anakunywa, anacheza, anakataa amri tu. Mbwa wa raje anaacha kula, mate yanamutoka, taya linalegea, sauti inabadilika, anauma hata mbao na hewa, ao anajificha na miguu inalegea. Huyu usimukaribie, usimuguse mudomo ukifikiri mufupa umemukwama. Ita muganga wa nyama.

Mutoto akiumwa, hata kidogo, hata na mbwa wa nyumbani: osha kidonda na maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, usipake mafuta ya gari wala majani, mupeleke hospitali siku ile ile na uombe chanjo ya raje. Mbwa asiuawe haraka kama anaweza kufungwa bila hatari. Anaangaliwa siku 10; akibaki muzima, hakuwa na raje kwenye mate siku alipouma.

Kwa chanjo, na kwa kuhasi dume anayeruka ukuta, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na fakulte ya uganga wa nyama, na waganga waliosomea pale wanafanya kazi katika mitaa mingi ya muji. Uliza bei mbele, na uombe kadi ya chanjo yenye tarehe. Ukimupa ao kumuuzia mutu mwengine mbwa, kadi iende naye.