Ubongo Haupimwi kwa Mizani

Wahenga wetu walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata hivyo ulipita wakati, mjini Nairobi, ambapo wataalamu wa serikali ya kikoloni walitaka kuuthibitishia ulimwengu kwamba wako wanadamu walioumbwa na upungufu wa akili, na kwamba upungufu huo huonekana kwenye mizani.

Mwaka 1934 Dakta F. W. Vint, aliyekuwa akichunguza maiti katika maabara ya serikali mjini humo, alichapisha katika jarida moja la Uingereza makala juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alieleza kwamba amepima bongo za watu wazima 100 na kuona wastani wake ni gramu 1,276, ilhali ule wa Mzungu, kwa hesabu aliyoitegemea, ni gramu 1,428. Mwenziwe, Dakta H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliyashika maneno ya namna hiyo akayatangaza. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mjini Nairobi chama cha kutafuta njia za "kuboresha kizazi", na hoja yake ilikuwa kwamba elimu ya Kizungu huenda ikamdhuru Mwafrika, kwa kuwa kichwa chake hakikuumbiwa mzigo huo. Msomaji ataona mwenyewe maneno hayo yalimfaa nani: mtoto asiyefundishika hahitaji kujengewa shule.

Lakini mizani ina tabia ya kumsuta aliyeishika. Albert Einstein, bingwa wa fizikia ambaye dunia nzima inalijua jina lake, alipofariki Marekani mwaka 1955 ubongo wake ulitolewa ukapimwa. Ulikuwa na gramu 1,230, yaani chini ya wastani wa wale Wakenya 100 waliodharauliwa! Naye mwandishi wa Kifaransa Anatole France, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1921, wake ulizidi gramu 1,000 kwa kiasi kidogo tu. Basi akili haikai katika uzito.

YALIYOMO NDANI YA FUVU

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi, kabla hujafika Westlands, utapita Chiromo. Hapo ndipo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho shule yake ya tiba ilianza mwaka 1967, husomea maumbile ya mwili. Wajukuu wa watu walioambiwa kwamba hawafundishiki ndio leo wanaoshika kisu na kuusoma ubongo, na ubongo wanaousoma hauna kabila wala rangi ya ngozi.

Ubongo mkubwa umegawanyika nusu mbili. Nusu ya kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huongoza wa kushoto. Sehemu ya kwenye paji la uso hupanga mambo, hupima lililo jema na baya, na humtia mtu haya. Sehemu za kando, karibu na masikio, husikia na kukumbuka. Ya kisogoni huona. Chini yake upo ubongo mdogo, kama nahodha anayekilinda chombo kisipinduke: ndio unaotuwezesha kutembea bila kuyumba. Chini zaidi lipo shina, linaloendesha pumzi na moyo hata tukiwa usingizini.

Kutoka huko hutokea jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwa. Wa kwanza huleta harufu, iwe ya asumini au ya samaki. Wa pili huleta nuru ya macho. Wa tatu, wa nne na wa sita hugeuza mboni. Wa tano huhisi usoni na hutafuna. Wa saba huuchezesha uso. Wa nane husikia na kushika mizani ya mwili. Wa tisa ni wa koo na ladha. Wa kumi husafiri hadi moyoni na tumboni. Wa kumi na moja huinua mabega, na wa mwisho ni wa ulimi. Kwa hiyo daktari akikwambia ufuate kidole chake kwa macho, ukunje uso, utoe ulimi na uinue mabega, usidhani anakufanyia mzaha. Anabisha hodi mlango kwa mlango ajue ni wapi pasipoitika.

USO ULIOPINDA

Pwani, mtu akiamka uso umepinda na jicho halifumbi, husemwa kwamba amepigwa na upepo. Maradhi haya si mageni katika vitabu vya Kiislamu. Tabibu Al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliyaeleza katika kitabu chake Al-Hawi kwa jina la lakwa.

Iko alama moja inayofaa kujulikana. Mwambie mgonjwa ainue nyusi. Ikiwa paji la upande uliopinda nalo halikunjiki, mara nyingi kilichoumia ni ule mshipa wa saba wenyewe, na wengi hupona, hasa wakipata dawa mapema. Ikiwa paji linakunjika lakini mdomo umelegea, huenda jambo liko ubongoni, nalo ni kiharusi. Hata hivyo kazi ya kutenganisha mawili haya ni ya daktari, si ya jirani. Ukiona mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yamekuwa mazito, kimbilia hospitali saa ile ile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa katika saa chache za mwanzo tu, tena baada ya kichwa kupigwa picha. Ukingoja mpaka kesho, sehemu ya ubongo iliyokosa damu imekwisha kufa. Na adui mkubwa anayeleta kiharusi ni presha ya damu, ambayo hupanda bila ya kupiga hodi.

KIFAFA SI AIBU

Maradhi yanayoonewa zaidi ni kifafa. Vint na Gordon walimhukumu mtu bila kumjua. Nasi tunafanya vivyo hivyo tunapomwona kijana ameanguka tukasema ana shetani, tukakimbia tusije tukaguswa na povu lake. Ukweli ni kwamba povu hilo haliambukizi. Ndani ya ubongo umo umeme mdogo ambao chembechembe hupelekeana habari kwao. Zikiwaka zote kwa pamoja bila mpango, mwili hutikisika.

Sababu ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo, ajali, au mayai ya tegu wa nguruwe. Hili la mwisho humpata hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote, kwa maji au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu.

Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba huanguka na mwili wake hufunuka. Mtume alimpa hiari: asubiri aingie Peponi, au amwombee apone. Alichagua subira, akaomba tu asifunuke, naye akaombewa. Mama huyo hakufukuzwa wala hakuonewa kinyaa. Na Mtume huyo huyo ametuamrisha kutafuta dawa. Basi dua isomwe na dawa imezwe. Moja haliizuii nyingine.

Na dawa zipo. Fenobabitoni, ambayo imetumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Kenya ina chama cha kuwatetea wagonjwa hawa, KAWE, kilichoanzishwa mwaka 1982. Kwa wale wanaohitaji kisu, upasuaji wa ubongo ulijengwa Nairobi na Dakta Renato Ruberti, Mwitalia aliyehamia huko mwaka 1967, na baadaye Wakenya kama Dakta Gerishom Sande wakaushika usukani.

Mtu akianguka, mwondolee vitu vya kumwumiza, mlaze ubavu, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Akipita dakika 5 bado anatikisika, mpeleke hospitali. Baada ya hapo asiachwe avue samaki peke yake, ateke maji kisimani peke yake wala akae karibu na moto bila mtu. Lakini asifichwe chumbani. Aende shule na madrasa, na akifikia umri aposwe au aoe kama wenziwe. Wala asiache dawa ghafla kwa sababu mwezi umepita hajaanguka, kwani hapo ndipo maradhi hurudi kwa nguvu. Daktari ndiye atakayesema lini inatosha.